Dakika 75 Schiphol, Dar kwenda Bergen: zinatosha au nibadili tiketi?

#1 MtotoWaMagomeni
Wakuu habari zenu. Nimepata nafasi ya kusoma shahada ya uzamili Bergen, Norway, naondoka Agosti. Tiketi ni moja: Dar, Amsterdam, Bergen. Ndege inatua Schiphol, uwanja wa Amsterdam, saa 1:05 asubuhi, ya kwenda Bergen inaondoka saa 2:20. Hapo katikati kuna dakika 75 tu. Ndege niliyowahi kupanda maishani ni ya Dar kwenda Mwanza.

Kinachonitia hofu ni kaka yangu. Miaka michache nyuma alikosa ndege ya kuunganisha katika uwanja mmoja wa Ulaya, akalala kwenye kiti hadi kesho yake, na hadi leo hajui kosa lilikuwa wapi. Wenye uzoefu, hizo dakika zinatosha? Na kwa nini watu wetu wengi hukwama hapo katikati wakati vibao vipo kila kona?

#2 Mzee wa Geti
Zinatosha, lala usingizi. Schiphol ni jengo moja, hakuna kupanda treni kwenda jengo jingine kama kwingine. Muda wa chini wanaokubali kuuza tiketi ya kuunganisha pale ni dakika 40 kwa anayetoka Schengen (nchi za Ulaya zisizokaguana pasipoti mipakani) kwenda Schengen, na 50 kwa wengine. Wewe una ziada ya dakika 25. Vibao vya njano unafuata herufi ya geti, basi.

#3 BintiRotterdam
Mzee wa Geti, shikamoo, ila hapo kwenye "lala usingizi" napinga. Hizo 75 zinahesabiwa tangu saa iliyoandikwa kwenye tiketi, na ndege kugusa ardhi si sawa na wewe kutoka mlangoni. Schiphol ina njia sita za kurukia. Moja inaitwa Polderbaan, ilifunguliwa 2003, iko mbali mno na jengo. Mkitua pale mnatembea na ndege ardhini robo saa na zaidi, mnavuka juu ya barabara kuu, unaona magari yanapita chini yenu. Halafu upo kiti cha nyuma, mbele yako watu mia mbili wanashusha mabegi.

Mimi naishi huku, nimetua pale mara nyingi. Kwa mtu wa mara ya kwanza, dakika 75 ni za kutembea haraka bila kusimama popote.

#4 Kisusio
Binti umemtisha mtoto wa watu. Norway si mwanachama wa Umoja wa Ulaya, kwa hiyo Amsterdam hagusi dirisha la pasipoti. Atapita kama transiti ya kawaida, atagongewa muhuri hukohuko Bergen. Hapo ameokoa nusu saa.

#5 FundiRada
Kisusio, rekebisha kabla hujampoteza. Kinachoamua ni Schengen, Umoja wa Ulaya hauhusiki hapo. Norway haimo kwenye Umoja lakini imo Schengen, sawa na Uswisi na Iceland. Ireland ni kinyume chake: imo kwenye Umoja, haimo Schengen. Uingereza haimo kote kuwili.

Kwa hiyo mleta uzi pasipoti yako itakaguliwa Amsterdam, kwa sababu hapo ndipo unapoingia Schengen. Ukifika Bergen unashuka kama mtu aliyetoka Dodoma.

Ramani yake iweke kichwani. Geti za B na C ni za Schengen. E, F na G ni za nje ya Schengen. D ina ghorofa mbili, moja ya huku na moja ya huku. H na M ni jengo moja la ndege za bei nafuu. Ndege kubwa kutoka Afrika mara nyingi huegeshwa upande wa E au F, na ndege yako ndogo ya Bergen itakuwa upande wa B, C au D ya Schengen. Katikati una vituo viwili: ukaguzi wa mwili na begi, na dirisha la pasipoti. Ukivuka hivyo viwili kazi imekwisha.

#6 Kisusio
Nimekubali kwenye Schengen, asante. Ila ukaguzi wa begi tena wa nini? Si alishakaguliwa Dar mara mbili, akavua hadi mkanda?

#7 FundiRada
Ulaya inatambua ukaguzi wa nchi chache tu za nje. Anayetoka katika nchi hizo hupita moja kwa moja. Sisi hatumo kwenye orodha, tunakaguliwa upya. Hapo ndipo watu wetu wanapopotezea muda, kuliko hata kwenye pasipoti. Mtu ana chupa ya maji aliyopewa kwenye ndege, ana mafuta ya nazi, ana kopo la asali. Asali inahesabiwa kimiminika jamani! Begi linavutwa pembeni, unasubiri zamu ya kufunguliwa, dakika 15 zimeyeyuka.

#8 Nyuki wa Sikonge
Hili la asali lilinikuta mimi, uwanja mwingine si huo. Kilo nzima ya asali ya nyuki wadogo, niliibeba mkononi nikiogopa sandukuni itapasuka. Walinionyesha pipa. Nililia, sioni haya kusema. Ile asali mama alikuwa ameichuja kwa kitambaa usiku kucha. Wekeni kwenye sanduku, chupa ya plastiki, funga na mfuko juu. Kwa sheria za Ulaya, asali ya matumizi yako mwenyewe hadi kilo 2 inaruhusiwa kuingia, shida ni kuibeba mkononi.

#9 MtotoWaMagomeni
Nashukuru sana, nimeanza kuelewa. FundiRada, na hiki kitu cha alama za vidole nilichosikia? Nitakaa foleni hiyo pia?

#10 BintiRotterdam
Unasema EES, mfumo wa kusajili wageni wanaoingia na kutoka Schengen. Ilianza 12 Oktoba 2025, na mpango ulikuwa ienee mipaka yote ya Schengen kufikia 10 Aprili 2026. Badala ya muhuri wanachukua alama za vidole vinne na picha ya uso. Lakini ni kwa wanaokuja kukaa siku chache, zile 90 ndani ya 180. Mwenye viza ya muda mrefu, ile ya D, au kibali cha ukaazi haimhusu. Wewe mwanafunzi utakuwa na D. Nenda dirishani, beba barua ya chuo mkononi, isiwe chini ya begi. Wanaokaa pale ni Marechaussee, askari wa mpaka wa Uholanzi. Wanauliza kifupi, ujibu kifupi.

#11 Mzee wa Geti
Marahaba binti. Mnampa mitihani mingi. Mimi nimepita pale tangu enzi za tiketi za karatasi yenye kaboni. Sababu ya watu kukosa ndege ni moja tu: wanasubiri kuitwa. Kwetu ukikaa Julius Nyerere utasikia tangazo kila dakika. Schiphol kumbi ziko kimya. Hakuna kutangaza "abiria wa Bergen sasa mnaweza kupanda". Ukisikia jina lako, ujue umeshachelewa na wanakuambia unachelewesha ndege, mzigo wako unashushwa. Mtu wetu kakaa anakunywa chai akingoja sauti.

#12 Shangazi wa Pongwe
Wanangu mimi nina sababu nyingine, na hii imenikuta mwenyewe, nisikilizeni.

Nilikwenda kumwona mwanangu Canada, nikabadilisha ndege huko Ulaya. Mjukuu wangu kanipigia simu jana yake ananiambia, "Bibi, ndege yako ya pili ni saa tisa na dakika thelathini na tano." Yeye kazaliwa huko, anasoma tarakimu kama zilivyo. Nami saa tisa yangu naijua, ni baada ya adhuhuri. Nikafika asubuhi, nikatafuta mahali, nikaswali, nikala maandazi yangu niliyofunga kwenye kanga, nikapumzika kwa raha zangu. Kumbe kwenye karatasi ilikuwa 09:35, yaani saa tatu na dakika thelathini na tano! Nikasikia mtu anataja kitu kinachofanana na jina la babangu, sikujua ndiyo mimi.

Tangu siku hiyo nawaambia watoto: bibi yako mwambie kwa saa yake. Usimpe tarakimu tupu.

#13 Kisusio
Shangazi shikamoo. Maandazi kwenye kanga hadi Ulaya, hapo nimekuvulia kofia. Yalipita ukaguzi?

#14 Shangazi wa Pongwe
Marahaba. Yalipita yote kumi na mawili. Mkaguzi alinusa hiliki akacheka.

#15 NyumbaKumi
Hii ya Shangazi ni kubwa kuliko mnavyodhani. Mama mkwe alikuwa na jambo hilihili akienda Denmark, tofauti ya saa sita. Tangu hapo kwenye familia tunaandika mara mbili: "saa 3:35 asubuhi, kwenye karatasi 09:35".

#16 Kasapa
Bandugu jambo. Miye ni mutu wa Lubumbashi, naishi Liège. Munaongea dakika na mageti, lakini kwa sisi ba Congo shida inaanzia mbele ya kupanda ndege. Pasipoti ya Congo iko kwenye liste ya nchi 12 zenye zinaombwa viza ya transiti ya uwanja katika Schengen yote, hata kama hautoki inje ya ukumbi. Mutoto wa dada yangu alirudishwa kule kwetu kwenye kaunta, tiketi mukononi, mama yake analia. Hakuna mutu alimuambia mbele.

Watanzania, Wakenya, Warwanda, Warundi, Waganda hawamo kwenye ile liste ya wote. Mushukuru Mungu na musiogope dakika 75.

#17 FundiRada
Pole sana ndugu Kasapa. Niongezee kwa faida ya wengine: mwenye pasipoti ya Congo akiwa tayari na viza hai ya Schengen, Marekani, Canada au Japani, haihitaji hiyo ya transiti. Na nchi mojamoja inaweza kuongeza mataifa kwenye orodha yake yenyewe, kwa hiyo kila mtu aulize ubalozi wa nchi anayopitia. Wengine kwenye hiyo 12 jirani zetu ni Somalia, Ethiopia na Eritrea.

#18 Kasapa
Ndiyo, mutoto hakukuwa na yoyote ya zile. Alikuwa anaenda Brazili. Merci kwa kueleza.

#19 Mchungaji wa Mbuni
Mleta uzi hujauliza, lakini nitasema: likikutokea la kukosa, usihame hapo na kukata tiketi mpya kwa pesa zako. Tiketi yako ni moja. Ndege ya kwanza ikichelewa ukakosa ya pili, shirika linawajibika kukufikisha. Kama shirika ni la Ulaya na umefika mwisho wa safari ukiwa umechelewa zaidi ya saa nne, kwa umbali wetu wa zaidi ya kilomita 3,500 fidia ni euro 600, kwa sheria namba 261 ya 2004. Isipokuwa sababu iwe nje ya uwezo wao, kama dhoruba. Mimi nililipwa baada ya miezi mitano ya kuandikiana barua pepe. Tunza pasi zako zote za kupandia.

#20 Mzee wa Geti
Na ukikosa kwa sababu ulikuwa dukani unanusa manukato, hulipwi senti.

#21 MvuviWaFeri
Naingia kidogo nje ya mada. Ni kweli uwanja huo uko chini ya usawa wa bahari? Niliambiwa na baharia nikabisha.

#22 BintiRotterdam
Kweli kabisa, kama mita tatu chini. Pale palikuwa ziwa, Haarlemmermeer. Walilikausha kwa pampu za mvuke, wakamaliza 1852. Uwanja ulianza 1916 kama wa jeshi, kwenye matope ya lililokuwa ziwa. Na jina Schiphol wengi wanasema ni "shimo la meli", kwamba ziwa lile lilikuwa likimeza meli wakati wa dhoruba.

#23 Baharia wa Kipumbwi
Mimi mzee wa Kidachi tuliyefanya naye kazi bandarini aliniambia siyo. Kwa maelezo yake ni mahali walipokuwa wakivuta mashua kutoka maji haya hadi maji yale. Alikuwa mkali kweli kuhusu hilo.

#24 MvuviWaFeri
Kumeza na kuvuta, vyote kazi yangu. Naamini vyote viwili mpaka mtakapokubaliana.

#25 NyumbaKumi
Turudi. Mama yangu naye anakuja mwezi wa kumi, kutoka Kilimanjaro hadi Amsterdam, haunganishi. Miaka 71, magoti yanamsumbua, Kiingereza hana. Nimuombee wilichea? Ndugu wengine wananiambia ni kudanganya kwa sababu anatembea.

#26 Mchungaji wa Mbuni
Muombee, wala si kudanganya. Magoti ya miaka 71 na korido za Schiphol ni vitu viwili visivyopatana. Sheria ya Ulaya inasema huduma hiyo ni bure, ukitoa taarifa saa 48 kabla. Atapokelewa mlangoni mwa ndege, atasukumwa hadi pasipoti, hadi mizigo, hadi kwako. Muandikie karatasi: jina lake, namba yako, anwani anakokwenda, na kwamba anazungumza Kiswahili tu. Ainingʼinize shingoni kama ni lazima. Nami nilifanya hivyo kwa baba, alishuka anacheka.

#27 BintiRotterdam
Na mpange pa kukutana. Milango ya kuwasili ni kadhaa, lakini yote inatokea Schiphol Plaza. Pale pana mchemraba mkubwa wa miraba myekundu na myeupe, ndio alama ya kukutania, hata asiyejua kusoma anauona. Na asimfuate mtu yeyote anayemnongʼoneza "teksi, teksi" ndani ya ukumbi. Teksi halali zinapanga foleni nje. Treni ziko chini ya ukumbi huohuo, mjini Amsterdam ni robo saa na kidogo, unagusa kadi ya benki unapoingia na unapotoka. Usisahau kugusa unapotoka!

#28 NyumbaKumi
Mungu akubariki dada. Maembe ya Tanga anaweza kuniletea?

#29 FundiRada
Maembe hapana, hadi yawe na cheti cha afya ya mimea. Tangu Desemba 2019 matunda karibu yote kutoka nje yanahitaji hicho cheti. Yaliyosamehewa ni matano: nanasi, nazi, ndizi, tende na duriani. Nyama na maziwa marufuku kabisa, hata nyama iliyokaushwa. Samaki wa kula mwenyewe wanaruhusiwa hadi kilo 20.

#30 Shangazi wa Pongwe
Nazi, ndizi, tende! Hao waliotunga wamekula pwani.

#31 Kisusio
Na dagaa je? Kilo 20 za dagaa wa Kigoma kwenye ndege, majirani wa kiti watamsamehe?

#32 NyumbaKumi
Dagaa wataletwa. Majirani watazoea.

#33 MtotoWaMagomeni
Wakuu, nimerudi. Niko Bergen, wiki ya pili sasa.

Tulitua Polderbaan kama BintiRotterdam alivyosema. Kutoka kugusa ardhi hadi kusimama, dakika 17 kwa saa yangu. Magari chini ya ndege niliyaona. Ukaguzi nilipita haraka, begi langu lilikuwa na daftari na koti tu. Dirishani askari aliuliza nasoma nini, nikampa barua, akasoma, akagonga. Geti lilikuwa B, tukapelekwa kwa basi hadi kwenye ndege. Nilifika getini zikiwa zimebaki dakika 24, na geti lenyewe linafungwa kabla ya saa ya kuondoka, kwa hiyo msihesabu hadi 2:20 kamili.

Sasa sikilizeni. Kwenye ndege ya Dar tulikuwa Watanzania watatu tunaokwenda Bergen, tiketi zinafanana. Mimi na dada mmoja tumefika asubuhi. Kijana wa tatu hakuonekana. Alikaa nyuma kabisa, na nilimwona mara ya mwisho begi lake limevutwa pembeni kwenye ukaguzi.

#34 BintiRotterdam
Kiti cha nyuma. Nilisema.

#35 FundiRada
Begi limevutwa pembeni. Nilisema mimi.

#36 Mzee wa Geti
Alikuwa anangoja kuitwa huyo.

#37 Nyuki wa Sikonge
Ilikuwa asali?

#38 Kijana wa Tatu
Habari zenu. Nimejiunga leo baada ya MtotoWaMagomeni kunionyesha uzi. Mimi ndiye.

Begi lilifunguliwa, ndiyo. Ilikuwa mafuta ya nazi, wakayatupa. Sikulalamika. Nikatoka pale, nikaangalia simu: 08:37. Ndege ya 08:20 imeshaondoka. Miguu iliniisha nguvu. Nikaenda kwenye dawati la wanaobadilisha ndege, nikapanga foleni ya watu kama thelathini, nikasubiri. Nilipofika mbele, yule mama akaangalia kompyuta, akaangalia saa ya ukutani, akaniuliza, "Kwa nini hukwenda getini?"

Simu haikuwa na mtandao. Ilikuwa bado inasoma saa ya Dar. Agosti, Dar iko mbele ya Amsterdam kwa saa moja. Wakati naipanga ile foleni ilikuwa 07:37. Nilikuwa na dakika arobaini na tatu.

#39 Shangazi wa Pongwe
Pole mwanangu! Saa tena. Nimewaambia ni saa.

#40 FundiRada
Pole sana kijana. Ila Shangazi, hesabu hii: asingefunguliwa begi angeangalia simu ikisoma 08:15, angekimbia tu bila kujali saa ipi.

#41 BintiRotterdam
Na angekaa kiti cha mbele angekuwa ameshapita kabla foleni ya ukaguzi haijajaa.

#42 Mzee wa Geti
Skrini zipo kila hatua kumi, zina saa ya hapohapo. Kijana, hukutazama hata moja?

#43 Kijana wa Tatu
Mzee shikamoo. Nilizitazama zote, nilikuwa natafuta neno Bergen. Saa sikuiona.

Walinipandisha ya mchana, sikulipa kitu. Kwenye uwanja wa Bergen dada yule wa kwenye ndege alikuwa amerudi kunisubiri, ana mwavuli.

#44 Kisusio
Mvua imeshaanza huko?

#45 MtotoWaMagomeni
Haijakatika tangu tufike. Nyuki wa Sikonge, kuna duka hapa linauza asali, nitakupigia picha bei yake ukae chini kwanza.